Picha ya kwao mama

Mliotuzoea kwa mishono, mashela na vipimo vya magauni ya bi harusi, leo mtatuwia radhi, tumeweka mkasi pembeni. Tangu tulipoweka picha za ile harusi ya Tandahimba, ujumbe haujakatika. "Nani kawapigia?" "Kamera gani hiyo?" Kuna mmoja kauliza tumekwenda lini Ulaya. Jamani, pale ni mkoa wa Mtwara, kwao mama yetu mzazi, na wapigaji ni sisi wenyewe, mtu na ndugu yake. Ila picha zile zina habari yake, na tukiwapa mbinu bila ya habari tutakuwa tumewauzia kanga upande mmoja.

Mama yetu aliletwa Unguja akiwa bi harusi, kutoka kijiji kimoja cha Tandahimba, kwenye ukingo wa kusini wa ule uwanda wa juu wa Makonde. Tangu baba afariki, Allah amrehemu, amerudi kwao mara mbili tu. Mwaka 2022 tukampeleka kwa daktari wa macho, maana alikuwa akijigonga kwenye fremu za milango. Daktari akatwambia ni presha ya macho, na imemuanza zamani bila ya mwenyewe kujua. Dawa ya matone ni ya kuzuia tu. Kilichokwisha kupotea hakirudi.

Kwa wasioyajua maradhi haya, aghlabu huanza kula pembeni. Mtu anaendelea kuona mbele yake vizuri, lakini kando kunaziba kidogo kidogo mpaka anakuwa kama anachungulia ndani ya karatasi iliyokunjwa. Na tuliposikia kwamba yanatembea kwenye familia, sisi wawili tulikwenda kupimwa wiki ile ile. Mwenye mzazi mwenye presha ya macho naye aende, wala asisubiri mpaka macho yaume, kwani mara nyingi hayaumi.

Mama hakulia. Siku tatu baadaye, tukiwa tunatia vifungo kwenye joho la watu, akasema: "Nataka nipaone pale tulipokuwa tunatua ndoo."

Tulijua anazungumza nini. Uwanda wa Makonde uko juu, na mchanga wake hauweki maji. Mvua ikinyesha inazama yote. Siku hizi kuna mabomba ya mradi yanayosukuma maji kutoka mabondeni, lakini mama alipokuwa mtoto wa kike maana yake ni kuteremka bondeni alfajiri na kupanda na maji kichwani. Mlima ukiisha, kulikuwa na mkwaju ukingoni. Hapo wasichana walitua ndoo, wakageuka kuangalia bonde lote la Ruvuma na ng'ambo ya pili, Msumbiji. Mama anasema ndipo mahali pekee alipowahi kukaa bila ya kuambiwa fanya hiki. Safari ya huko kwa magoti yake hayo haiwezekani. "Basi nileteeni picha," akasema, kama mtu anayeagiza nazi mbili.

Oktoba mwaka huo huo tulikuwa na safari ya Tandahimba na Newala kwa biashara. Msimu wa korosho ndipo pesa inapoonekana kule. Minada ya TANECU ikianza, wakulima wakilipwa, kila mwenye binti anatafuta nguo. Tulipanda na marobota mawili ya vitambaa na magauni ya tayari, boti mpaka Dar es Salaam, basi mpaka Mtwara, halafu tukaishika barabara ya Newala, ambayo wakati ule lami yake ilikuwa inaishia Mnivata. Kuanzia hapo ni vumbi jekundu. Tulifika tumekuwa rangi ya dongo.

Biashara alhamdulillahi ilikwenda. Picha ndiyo ilikuwa balaa.

Tulimuuliza dereva wa bodaboda pa kupiga picha nzuri, akatupeleka Newala, mahali wanapopaita Shimo la Mungu (tunalitaja kwa kuwa ndilo jina lake, tusihukumiane). Ardhi inakatika ghafla na bonde linafunguka chini yako, unajihisi mdogo kweli. Ilikuwa saa sita na nusu mchana. Tukatoa simu, tukapiga picha mia na kitu: ndefu za panorama kutoka kushoto mpaka kulia, za karibu kwa kuvuta zumu mpaka mwisho, na zetu wenyewe tukitabasamu, bila shaka. Kwenye kioo, juani, hatukuona kitu, lakini tulijua zitakuwa nzuri, kwa sababu mahali penyewe ni pazuri. Hilo ndilo kosa la wengi wetu.

Tulirudi Unguja, tukachagua tano, tukazitoa kubwa dukani kwenye karatasi inayong'aa. Mama akazishika moja moja, akazisogeza karibu, akaziinamisha huku na huku. "Mashallah," akasema. "Pazuri." Halafu akanyamaza. Halafu akauliza taratibu, kama anayeogopa kutuudhi: "Hapa ndiyo wapi?"

Tukamwambia ni Newala, mama, ukingoni, lile ni bonde la Ruvuma. Akasema ahaa. Akauliza hii nyeupe ni nini, ni bahari? Ilikuwa ni ukungu wa moshi. Mmoja wetu alitoka kwenda kulilia nyuma ya cherehani.

Baada ya hapo tulikaa na zile picha kama fundi anavyokaa na gauni lililorudishwa, akatafuta wapi mshono umekosewa. Tuliyoyaona tunawapa kama yalivyo, na mengine tuliyapata kwa kuangalia video za wapiga picha usiku, duka likifungwa.

Kosa la kwanza ni msimu. Kusini mvua ni moja, inaanza kama Novemba au Disemba na kuishia Aprili au Mei. Ikifika Oktoba nchi imekauka, watu wametia moto mashamba kuyasafisha, moshi na vumbi vimekaa hewani. Jicho lako likiwa hapo linazoea, linaruka ule moshi na kuona mlima wa mbali. Kamera hairuki kitu. Inaandika moshi wote, na vya mbali vinakuwa karatasi nyeupe. Anayetaka mbali kuonekane safi aende mvua zikiisha tu, Mei na Juni, hewa imeoshwa na majani yapo bado.

Kosa la pili ni saa, na hili tulilia nalo zaidi kwa sababu tulipaswa kulijua. Mwezi wa Oktoba, jua la saa sita katika sehemu zile liko utosini kabisa, kivuli chako unakikanyaga. Mwanga ukitoka juu moja kwa moja hakuna kinachotoa kivuli pembeni, kwa hiyo bonde, kilima, mti, vyote vinalala kama vimepigwa pasi. Na sisi mafundi tunalijua hili toka chuo cha ushoni! Fundi akitaka kukagua kitambaa kama kina michirizi au uzi uliovutika, hakikagui chini ya taa ya darini. Anakipeleka mlangoni, mwanga ukipite kwa ubavu, ndipo kila uzi unasimama. Ardhi nayo ni hivyo hivyo. Ipige asubuhi, tangu jua linapochomoza mpaka kama saa mbili na nusu, au jioni kuanzia saa kumi na nusu, jua likiwa ubavuni mwako. Kila mkunjo wa mlima utauona una upande wa mwanga na upande wa kiza.

La tatu ni uchoyo. Tulitaka kila kitu kiingie. Panorama ile ilikuwa na bonde lote lakini kila kitu ndani yake ni kidogo kama punje ya mtama, na hakuna pa jicho kutua. Kwa mama ilikuwa mbaya zaidi, maana yeye anaona katikati tu, picha ndefu anaisoma kipande kipande na akifika mwisho ameshasahau mwanzo. Tukajiambia picha ya mama lazima iwe na kitu kimoja. Tangu hapo tumegundua kwamba hata mwenye macho mazima anaipenda zaidi picha yenye kitu kimoja.

La nne hatukulijua mpaka tulipompigia simu mama mdogo, aliyebaki kijijini. Akacheka mpaka akakohoa. "Newala? Wanangu, mama yenu hajawahi kuteka maji Newala. Njooni niwaonyeshe mkwaju wenyewe, bado upo."

Kuanzia Novemba mpaka Aprili tulifanya mazoezi hapa hapa Unguja. Tukishasali alfajiri, siku mbili kwa wiki, tulikwenda Fumba na simu zetu pamoja na Canon moja ya mtumba yenye lenzi ya 18–55, ile tuliyoinunua kwa ajili ya picha za magauni ya duka. Kwenye simu mambo yalikuwa machache lakini yalibadilisha kila kitu. Futa lenzi kwa kitambaa laini kabla ya kila kipindi, kwani simu ya mwanamke inakaa mkobani na losheni na makombo ya biskuti, na lile wingu tunaloliona kwenye picha nusu yake ni mafuta. Washa mistari ya gridi kwenye mipangilio. Upeo wa bahari ukienda mshazari, picha inakuwa kama gauni lililokatwa upindo vibaya, mtu hajui kasoro iko wapi lakini anaiona. Usikate picha katikati nusu mbingu nusu nchi. Mbingu ikiwa na mawingu mazuri ipe theluthi mbili, ikiwa tupu ipe theluthi moja au hata chini ya hapo.

Zumu ya vidole isahau. Nyingi zinakuza tu nukta, ni sawa na kuvuta kitambaa cha kunyooka ukadhani umeongeza mita. Tembea usogee.

Na lililo muhimu kuliko yote hayo: gusa kioo pale unapotaka, ushikilie kidole mpaka ijifunge, kisha ile alama ya jua iteremshe kidogo. Kamera ikiona nchi yenye kiza inaongeza mwanga, na mbingu inaungua ikawa nyeupe tupu. Mbingu iliyoungua haina dawa, hata ukiipeleka kwa fundi gani. Picha yenye kiza kidogo unaweza kuipandisha baadaye.

Kwenye Canon tuliishia na vipimo tunavyoviweka mpaka leo kwa mandhari: ISO 100, tundu la lenzi f/8 ili mbele na nyuma vyote vikae sawa, na kasi tunaiacha kamera ichague. Alfajiri mwanga ni mdogo na kasi inashuka, mkono ukitikisika kidogo tu picha imeharibika. Watu wanatumia stendi ya miguu mitatu. Sisi tulishona kifuko. Mabaki ya kanga, upana wa kiganja na nusu, tukakijaza mbaazi kilo moja, tukafunga zipu. Kamera unailaza juu yake, inajichimbia na kutulia popote, jiweni, ukutani, juu ya boneti ya gari, na taima ya sekunde mbili inafyatua bila ya kuiguza. Usisafiri nacho kimejaa. Mbaazi zipo kila pahala, unajaza ukifika, ukiondoka unampikia mwenyeji.

Mei 2023, baada ya Idi, binti wa binamu yetu akaolewa, na shela tulishona sisi. Tukasema hii ndiyo safari yenyewe.

Asubuhi ya kwanza kijijini mama mdogo alitutoa kitandani baada ya swala, akatangulia na kikongojo kwenye njia ya mchanga baina ya mikorosho. Baridi ya kule Mei ni ya kweli, tulivaa sweta juu ya baibui. Tulipofika, mkwaju upo, umeinama, na chini yake mawe mawili yamekuwa laini kwa kukaliwa. Lakini bonde halipo. Ukungu umelijaza mpaka kwenye midomo ya ukingo kama bakuli la maziwa. Tulingoja mpaka saa moja na nusu, halafu tukarudi mbio, kwa sababu bi harusi alikuwa bado hajajaribishwa shela na pindo la nyuma linataka kupunguzwa. Mama mdogo akatutazama tu. "Mngekaa nusu saa," akasema baadaye, "unaondoka wenyewe." Kwa hiyo hili nalo liandikeni. Ukungu wa asubuhi si sababu ya kufunga mkoba. Unapoanza kupasuka, ndizo dakika za picha.

Sasa tuje kwa bi harusi, maana najua mnaosubiri hapa ni wengi. Binti yetu hakutaka sura yake izunguke kwenye simu za watu, na mumewe, Allah awabariki, alikuwa na msimamo huo huo. Mpiga picha wa kukodi alisema basi hakuna picha. Sisi tukasema zipo. Nchi ile ina uzuri wa kutosha kubeba harusi bila ya sura ya mtu.

Jioni baada ya nikaha tuliwatoa wawili wale mpaka ukingoni. Picha ya kwanza, wametupa mgongo wanaangalia bonde, wao wadogo chini upande wa kulia, nchi yote mbele yao. Ya pili, mkono wake wenye hina umeshika jani la mkorosho, nyuma kumefifia. Ya tatu ndiyo mliyoiulizia sana, ile ya weusi kwenye anga la rangi ya embe. Hiyo ni rahisi kuliko zote. Waweke baina yako na jua linalozama, gusa kioo kwenye anga na sio kwa watu, ifunge, teremsha mwanga mpaka watu wawe kivuli kitupu. Acha nafasi baina yao, wasigandane, vinginevyo kivuli kinakuwa kama gunia moja. Wapo watakaosema kivuli nacho kina umbo, na ni haki yao kusema. Bi harusi alivaa joho pana juu ya shela, upepo wa kusi ukalijaza, kilichoonekana ni nguo.

Upepo huo ulitufundisha kitu. Mtandio ukipeperuka na kamera ina kasi ndogo, unatoka kama moshi. Tulipandisha mpaka 1/500, kila ukingo wa lesi ukasimama.

Na rangi! Hapa nawaomba wenye maduka ya mabaibui wasikilize pia. Kamera haijui kwamba hii ni nyeusi au nyeupe, inataka kila kitu kiwe cha wastani. Baibui jeusi likijaa kwenye picha, inapandisha mwanga mpaka jeusi linakuwa rangi ya jivu na mteja anasema nguo imepauka. Teremsha. Shela jeupe likijaa, inashusha mwanga na jeupe linakuwa chafu. Pandisha. Lakini shela likiwa dogo katikati ya kijani cha mikorosho, mambo yanageuka, kamera inaangalia majani na kuliunguza shela, na darizi uliyokesha nayo wiki mbili haionekani hata tone. Hapo gusa kwenye shela lenyewe.

Tahadhari moja na tuipite haraka. Ule ni ukanda wa mpaka, ukikuta askari au kizuizi kamera iingie mkobani. Na mtu yeyote, hata mtoto aliyekaa mlangoni kwao, aombwe kwanza.

Asubuhi ya mwisho hatukulala baada ya alfajiri. Bonde lilikuwa jeupe vile vile. Tukakaa kwenye yale mawe mawili, tukajaza kifuko mbaazi za mama mdogo, tukaiweka kamera chini kabisa, karibu na ardhi, ili shina la mkwaju na yale mawe viingie mbele. Hili la kuweka kitu mbele ndilo linalompa mtu pa kusimama. Bonde peke yake ni hewa. Ukitia jiwe mbele, mtazamaji anajua miguu yake iko wapi. Na kwa mama tulijua hataki bonde. Anataka mahali alipokuwa amekaa.

Tulikuwa tunaelekea kusini, jua likatoka kushoto kwetu, nyuma kidogo. Kwanza likashika tawi la juu la mkwaju. Halafu mawe. Kiasi cha saa mbili kasorobo ukungu ukaanza kuchanika chini, ukaonekana mstari wa miti, ukapotea, ukaonekana tena, na njia ikajitokeza, ile njia yenyewe ya kupandia, nyekundu, imejikunja kama utepe uliodondoka. Mjukuu wa mama mdogo, msichana wa miaka kumi hivi, alikuwa anapanda na ndoo. Sio kwamba maji ya bomba hayapo, siku ile yalikuwa hayajatoka. Tulimuomba mama mdogo ruhusa, mama mdogo akampigia kelele kumuuliza, mtoto akasema sawa, akajiweka sawa ndoo na kuendelea kupanda. Alikuwa mbali, sura haionekani, ni ndoo ya manjano na mkono mmoja juu.

Tulipiga saba tu. Ya tano ndiyo.

Safari ya kurudi tulipitia Masasi, kumsindikiza bi harusi ukweni. Wale wanaopenda majabali, nendeni Masasi jioni. Milima ile ya mawe matupu imesimama kwenye tambarare kama ilidondoshwa, na jua la saa kumi na moja likiipiga kwa ubavu inakuwa mviringo kabisa, unatamani uishike. Simameni mbali, muweke nyumba au mti chini yake ili ukubwa ujulikane. Mchana usihangaike nayo.

Unguja tuliitoa picha moja tu, ukubwa wa A3, kwenye karatasi isiyong'aa, kwa sababu ile ya kung'aa ilimrudishia mama mwanga wa dirisha machoni na ndiyo maana alikuwa akiziinamisha huku na huku. Tuliongeza tofauti ya kiza na mwanga kidogo kuliko tunavyopenda sisi, na kandoni tukapunguza kiasi cha vidole viwili kila upande ili mkwaju, mawe na njia vikae pale anapoona.

Tukamkalisha karibu na mlango, asubuhi, tukampa. Hakusema mashallah. Alikaa nayo kimya muda mrefu, pua iko karibu na karatasi, uso unakwenda taratibu kutoka juu kuja chini. Alipofika kwenye mawe akaweka kidole kwenye lile la kushoto.

"Hili la Somoe," akasema. Hatujui Somoe ni nani, hatukuuliza. Akahamia la pili. "Langu."

Kisha akaifuata njia kwa ukucha, polepole, mpaka kwenye ndoo ya manjano. Akasimama.

"Na huyu mtoto wa nani?"

"Mjukuu wa mama mdogo, mama."

"Hamkumtua?"

Tukatazamana. Tukamwambia tulikuwa tunapiga picha, mama, alikuwa bado chini.

"Mnakaa kwenye mawe yetu na kamera, mtoto anapanda na ndoo, hamkumtua." Akacheka, lakini alikuwa anasema kweli. "Mpigieni simu mama yenu mdogo sasa hivi. Muulizeni kama alifika."